Taa Kuukuu Ikitengenezwa, Je, Ni Ile Ile?

Katika nyumba za zamani, zile za mawe huko pwani na zile za matofali zilizojengwa huku bara siku za babu zetu, ziko taa nyingi ambazo hazikuwashwa miaka mingi. Nyingine zimetundikwa darini kwa minyororo yake, nyingine zimesimama juu ya kabati na vumbi lake, nyingine zimetupwa ghalani pamoja na mapipa yaliyotoboka. Ziko kandili za bati, na taa za mezani zenye kioo kirefu, ambazo watu huziita taa za chemni, na karabai za kupigwa pampu, na katika nyumba za wenye mali hata thurea za vioo vingi. Siku hizi umeme umefika mahali pengi, na taa za jua zimeingia vijijini, kwa hiyo taa hizi hazina tena kazi yake ya kwanza. Lakini watu wameanza kuzitazama upya. Mmoja ataka taa ya babu yake iwake tena, mwingine ataka kuiuza, mwingine ataka kuitoboa apitishe waya wa umeme ndani yake. Na kila mara fundi aletewapo taa kama hiyo, huulizwa neno moja tu: Itakuwa bei gani? Sisi twataka kuuliza maneno mengine, yanayoonekana madogo, lakini ukiyafuata yakupeleka mbali. Taa ikiisha kutengenezwa, je, ni taa ile ile? Tena, mtu ana ruhusa gani kukibadili kitu alichoachiwa na wengine? Na kama kukitengeneza ni wema, wema huo waishia wapi, na udanganyifu waanzia wapi?

Tuanze na jembe, maana kila msomaji alijua. Mtu ana jembe la baba yake. Mpini ulivunjika, akatia mwingine. Huo nao ukaliwa na mchwa, akatia wa tatu. Kisha chuma chenyewe kikaisha kwa kulima hata kikawa kama kijiko, akanunua chuma kipya dukani akakitia katika mpini ule wa tatu. Bado asema, Hili ni jembe la baba yangu. Je, asema uongo? Wengi watamcheka, kwa kuwa hakuna tena hata kipande kimoja alichokishika babaye. Lakini itazameni nyumba ya nyasi. Nyasi zake hubadilishwa kila zikioza, nguzo iliyoliwa hung'olewa ikatiwa nyingine, na kuta hukandikwa udongo upya baada ya masika. Baada ya miaka thelathini labda hakuna kitu cha kwanza kilichobaki, wala hapana mtu kijijini asemaye kwamba ile si nyumba ya fulani. Kwa nini basi tulicheke jembe na tusiicheke nyumba?

Swali hili si letu peke yetu. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, asimulia ya kuwa watu wa Athene waliitunza merikebu ya Theseus, shujaa wao, wakitoa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wenye hekima wakashindana: wengine walisema ni merikebu ile ile, wengine walisema siyo. Baadaye Mwingereza Thomas Hobbes, katika kitabu alichokitoa mwaka 1655, aliongeza fumbo juu ya fumbo. Tuseme mtu mmoja aliziokota mbao zote kuukuu, akaziunga tena kwa utaratibu ule wa kwanza. Sasa ziko merikebu mbili. Ipi ndiyo ya Theseus?

Twadhani ya kuwa nyumba ya nyasi yatupa jibu lililo bora kuliko walilolipata watu wa Athene. Nyumba hubaki ile ile kwa sababu watu hawakuacha kukaa ndani yake. Nyasi zilipotolewa moto wa jikoni haukuzimika. Nguzo ilipong'olewa watoto walilala pale pale. Matumizi yenyewe ndiyo yaliyozishika siku zote pamoja, kama kamba ipitayo katika shanga. Hata yule mwenye jembe ana haki zaidi ya tulivyodhani, maana hakulikosa jembe hata msimu mmoja.

Lakini taa iliyokaa ghalani miaka arobaini haina kamba hiyo. Matumizi yake yamekatika. Aliyeiwasha amekufa, na waliosoma kwa mwanga wake wametawanyika. Kilichobaki ni kitu chenyewe tu: bati lile, shaba ile, kioo kile, na alama zilizo juu yake. Kwa hiyo twasema neno ambalo labda litawashangaza wengine. Kitu kinachotumika kila siku chaweza kubadilishwa kwa mkono mwepesi, wala hakipotei. Bali kitu kisichotumika tena chahitaji mkono mzito wa kufikiri, kwa kuwa hakina uhai mwingine ila katika mwili wake. Mama aliyewasha kandili kila jioni alikuwa na ruhusa ya kuibadili kila kitu ndani yake. Mjukuu aliyeikuta ghalani ana ruhusa ndogo kuliko yeye.

Hata hivyo ruhusa ndogo si kukosa ruhusa kabisa. Katika taa kuna vitu vilivyofanywa makusudi ili viishe. Tangu Aimé Argand, Mswisi, alipobuni katika miaka ya 1780 taa yenye utambi wa mviringo ulio wazi katikati, na kioo juu yake cha kuvuta hewa, na tangu Ignacy Łukasiewicz alipowasha taa yake ya mafuta ya taa katika hospitali ya mji wa Lviv mwaka 1853, mafundi wote walijua ya kuwa utambi utaungua na kioo kitavunjika. Walivifanya viondoke na kurudi. Mtu atiaye utambi mpya hakuidhulumu taa. Amefanya jinsi mwenye kuitunga alivyomtazamia. Ndivyo ilivyo kwa ngozi ya pampu ya karabai, na kwa kile kifuko cha kitambaa kinachotoa mwanga mweupe, kilichobuniwa na Carl Auer von Welsbach wa Austria mwaka 1885. Kifuko hicho kikiisha kuwashwa mara ya kwanza kitambaa huungua chote, kikabaki kama majivu yenye umbo, na ukikigusa kwa kidole chavunjika. Nani atasema, Nitakitunza kile cha babu?

Hapa yafaa tukae kidogo, maana taa nyingi ambazo watu husema zimekufa, hazikufa. Chukueni taa ya mezani iwakayo kwa moshi na mwanga mwekundu. Watu huitupa. Lakini fungueni kile kichwa kinachoshika utambi, mtaona ya kuwa matundu madogo yaliyo chini yake yamezibwa na vumbi na mafuta yaliyoganda, hata hewa haipandi. Kichemsheni kichwa hicho cha shaba katika maji yenye magadi, mkisugue kwa brashi laini, mkaushe, mkatie utambi mpya uliokatwa sawasawa, na pembe zake mbili zipunguzwe kidogo tu. Moto utasimama mweupe. Kadhalika taa ya kioo ambayo shingo yake ya shaba yachezacheza: shingo ile haikushikwa kwa msumari, bali kwa plasta, na plasta hiyo ikinyonya mafuta kwa miaka mingi hulegea. Yakwanguliwa ya zamani, yatiwa mpya, yaachwa ikauke vizuri, na taa imepona. Karabai isiyokubali kupigwa pampu mara nyingi ina ngozi iliyokauka tu. Ichovyeni katika mafuta mpaka iwe laini, mtaisikia inasukuma hewa. Mambo haya hayataki fedha nyingi. Yataka mtu anayependa kujua sababu kabla ya kushika nyundo.

Na tangi likitoboka? Hapo ndipo fundi wa bati ajuapo kulehemu aonyeshapo thamani yake. Lehemu ya bati na risasi iliyozoeleka huyeyuka kwa moto wa nyuzi 183 hivi, na shaba ya manjano haiyeyuki mpaka moto upite nyuzi 900 au karibu na hapo, kwa hiyo kiraka cha lehemu hakikidhuru kitu chenyewe, na siku nyingine chaweza kutolewa. Lakini ole wake mtu apelekaye tangi lililokuwa na mafuta kwenye moto mkali wa kuchomelea vyuma. Hata likiwa tupu, mvuke wa mafuta umebaki ndani yake, nao huweza kulipuka. Lioshwe kwa maji ya moto na sabuni mara nyingi, likauke, tena likae wazi kwa hewa, ndipo liguswe kwa moto mdogo wa kulehemu.

Tumesema habari ya vitu viishavyo, na habari ya mashimo. Sasa twafika penye ugumu, nao ni alama. Tuseme kandili fulani ina mkono wa waya uliosokotwa, si ule wa kiwandani. Mkono wa kwanza ulikatika, na miaka ile ya vita vya 1939 hata 1945, vitu vya kutoka ng'ambo vilipokuwa haba, mwenye nyumba aliufanya mwingine kwa waya aliouokota. Tena tangi lina bonde upande mmoja, mahali ilipoanguka. Mjukuu aipeleka kwa fundi asema, Iwe mpya. Fundi mwema kwa kazi yake auondoa ule waya, anyosha bonde, apaka rangi, na kandili yarudi ikimeremeta kama iliyotoka dukani. Swali letu ni hili: amerudisha nini? Amerudisha kandili ya kiwandani, ambayo maelfu yake yalikuwa sawasawa. Iliyoondoka ni ile moja iliyokuwa ya nyumba hii. Kwa maneno mengine, waya ule ulikuwa ndio maandiko pekee aliyotuachia mzee yule katika mambo ya taa, naye hakujua kuandika kwa kalamu.

Juu ya jambo hili wazungu wenyewe waligombana sana katika karne ya 19, ingawa ugomvi wao ulikuwa habari ya makanisa na majumba. Mfaransa Eugène Viollet-le-Duc, aliyeishi tangu 1814 hata 1879, alifundisha ya kuwa kukirudisha kitu cha kale ni kukifanya kikamilifu, hata kama ukamilifu huo haukuwapo wakati wo wote. Ndivyo alivyofanya katika kanisa la Notre-Dame la Paris: aliweka mnara mwembamba juu ya paa lake uliomalizika mwaka 1859, ambao mafundi wa kale hawakuujenga kwa namna ile. Mwingereza John Ruskin alimpinga kwa ukali. Katika kitabu chake cha mwaka 1849 juu ya ujenzi, ambacho ajabu yake aliyaita mafundisho yake saba kwa jina la taa, alisema kwamba kukirudisha kitu cha kale katika hali yake ya kwanza hakuwezekani, kama vile kumfufua maiti kusivyowezekana, na ya kwamba mwenye kujaribu atoa uongo mahali pa kitu. Naye William Morris na wenzake wakaanzisha chama mwaka 1877 cha kuyatetea majengo ya kale, wakashauri watu wazibe nyufa na kutunza paa kila siku, kuliko kungoja mpaka kuanguke kisha kufanya upya.

Sisi Waswahili twalijua shauri la Morris kwa methali yetu, ya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini tusimdharau Mfaransa kwa haraka. Mwaka 2019, tarehe 15 Aprili, mnara ule wa Viollet-le-Duc uliungua ukaanguka katika moto wa Notre-Dame, na walipokwisha kushauriana Wafaransa waliujenga tena kama alivyoufanya yeye, na kanisa likafunguliwa Desemba 2024. Basi kile kilichoitwa uongo mwaka 1859 kilikuwa kimekuwa kweli kwa kukaa kwake. Watu walikizaliwa nacho, walikitazama, walikikosa kilipoanguka. Ndiyo sababu twasema ule waya wa kandili usitolewe: nao ulianza kama kitu kigeni, sasa ni sehemu ya kandili. Wajenzi na watunzaji wa mambo ya kale waliokutana Venice mwaka 1964 walikubaliana katika jambo hili, kwamba nyongeza za nyakati zote ziheshimiwe, na ya kuwa kazi ya kurudisha iache pale ambapo kukisia kwaanza. Neno hili la mwisho lapita yote kwa maoni yetu. Kama hujui kioo cha kwanza kilikuwa cha rangi gani, tia cheupe, usitunge.

Mtu aweza kuuliza, Je, basi tusisafishe hata kutu? La, kutu huila taa, nayo iondolewe. Lakini rangi ya kahawia ambayo shaba huipata kwa miaka mingi si kutu ya namna hiyo. Yaikinga shaba iliyo chini yake. Wengi wetu tumezoea kuipiga shaba kwa ndimu na majivu mpaka ing'ae, na kwa sinia itumikayo mezani ni vizuri. Kwa taa ya kale yataka kiasi. Kila mara unaposugua kwa majivu unachukua shaba kidogo, na jina la aliyeifanya, lililopigwa juu yake kwa herufi ndogo, laisha polepole mpaka huwezi kulisoma. Na ukiiacha shaba ya manjano katika ndimu au siki usiku kucha, asubuhi waikuta nyekundu, kwa kuwa ile zinki iliyochanganywa na shaba imetoka juu yake. Mtu husema, Mbona imekuwa shaba nyekundu? Haikuwa, imeharibika. Kitambaa laini, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, mara nyingi vyatosha, na kama bado haing'ai, pengine haikutakiwa kung'aa.

Sasa habari ya umeme, maana hapa ndugu hugombana kweli. Tuseme mzee amefariki, ameacha taa ya shaba ya kutundika, nzuri, ya mafuta. Mtoto wa kwanza ataka itobolewe chini ili waya upite, itundikwe sebuleni, iwake kila jioni, watu wote wa nyumba waifurahie. Wa pili asema, Usimtoboe baba. Kila mmoja ana haki upande wake. Wa kwanza ataka kuirudishia taa ile kamba ya matumizi tuliyoisema, na hilo si jambo dogo. Taa iwakayo juu ya meza ambapo watoto wanasoma ni taa zaidi kuliko ile iliyofungwa kabatini. Wa pili ajua ya kuwa tundu halizibiki. Tukilazimishwa kuchagua tu kati ya hao wawili, twaona yafaa kumsikiliza wa pili kwanza, kwa sababu hii: shauri lake laweza kubadilishwa mwaka ujao, bali la ndugu yake haliwezi. Lakini mara nyingi hatulazimishwi. Kuna vichwa vya umeme vilivyofanywa vikazwe mahali pa kichwa cha utambi, na waya ukashuka kwa nje bila tundu lo lote. Si vizuri sana kwa macho, twakiri, lakini siku mtu akiutaka tena utambi, autoa ule wa umeme kama atoavyo kofia.

Juu ya jambo moja hatutaki mashauri mengi. Uhai wa watu watangulia uzuri wa kale. Nyaya za umeme za zamani zilifunikwa kwa mpira na juu yake pamba au hariri, na mpira ule ukiisha kukauka wapukutika ndani ya kitambaa, hata kwa nje huoni kitu. Thurea iliyofungwa zamani, nzuri kwa macho, yaweza kuwa na waya ulio wazi uliogusa chuma chake chote, nao umeme wa nyumba zetu ni volti 230. Waya huo usitunzwe kwa ajili ya ukale. Utolewe wote, utiwe mpya, na kila taa ya chuma iunganishwe na waya wa ardhi, na kazi hii ifanywe na mtu aliyejifunza umeme, si fundi wa bati, wala mjomba mwenye bisibisi. Vile vile mtu asiweke glopu yenye nguvu kupita ilivyoandikwa, maana joto lake launguza soketi. Na upande wa mafuta, petroli isitiwe kamwe katika taa ya mafuta ya taa, wala mafuta yaliyochanganywa nayo. Mafuta ya taa yaliyo safi hayatoi mvuke wa kushika moto mpaka yapate joto la nyuzi 38 au zaidi, lakini petroli hutoa hata katika baridi ya barafu. Nyumba nyingi zimeungua kwa tofauti hiyo tu. Hata vifuko vya karabai vya zamani yafaa vishikwe kwa busara, kwa kuwa vilitiwa thoriamu, kitu kinachotoa miali isiyoonekana. Msipulize majivu yake karibu na watoto. Wala hatushauri mtu arudi kusoma kwa koroboi kila usiku kwa ajili ya kupenda mambo ya wazee. Moshi wake huumiza kifua, na wazee wenyewe wangalifurahi kuuacha.

Tumebakiwa na jambo la kuuza. Si siri ya kuwa viko vitu vingi viitwavyo vya kale ambavyo vilitoka mkononi mwa fundi juzi. Shaba mpya hulowekwa katika chumvi na siki, huzikwa ardhini, hutolewa ikiwa ya kijani, kisha huwekwa dukani mwenye duka akinyamaza. Asema hakudanganya, maana hakusema neno. Mgeni alijidanganya mwenyewe. Twaona hoja hiyo ni dhaifu. Aliyeizika shaba alisema kwa mikono yake. Kuna na jambo lililo jepesi zaidi, ambalo watu wema hulifanya bila kufikiri: tangi la taa moja, kichwa cha taa nyingine, kioo cha tatu, vyaunganishwa, kisha vyauzwa kwa jina moja. Kuunganisha si kosa. Taa tatu zilizovunjika zikizaa taa moja iwakayo, ni akili. Kosa liko katika jina. Fundi aseme, Tangi ni la zamani, kichwa nilikipata kwingine, kioo ni kipya. Na kama bei itapungua kwa kusema hivyo, basi kile kilichopungua hakikuwa chake.

Wako watakaosema ya kuwa maneno haya yote ni ya watu walioshiba, na ya kuwa afadhali fedha ya kutengeneza taa ya babu inunue daftari za shule. Twakubaliana nao pale ambapo fedha ni moja na mahitaji ni mawili. Daftari zinunuliwe. Taa yaweza kungoja, ndiyo tabia yake. Ifungwe kwa kitambaa ikae mahali pakavu. Lakini mara nyingi si hivyo. Mara nyingi mtu huiacha taa ya thamani ioze kwa kutojua, kisha hununua nyingine ya plastiki isiyomaliza mwaka, na hiyo ikivunjika hakuna ajuaye kuitengeneza, kwa kuwa haikufanywa ifunguliwe. Wazee walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Taa ile ya kale ilikuwa na skrubu kila mahali, nayo ilimfundisha kijana kufungua na kufunga. Mafundi wa bati wa vijiji vyetu, wale wakatao makopo wakafanya vibatari, walijifunza kwa kuzifungua taa za namna hiyo, na ufundi wao ukipotea hautarudishwa kwa kitabu. Kwa hiyo yafaa kijana akae karibu na fundi taa ikitengenezwa, ashike koleo, aulize. Ikiwa taa ni ya babu yake mwenyewe, atauliza zaidi.

Hapo Unguja, jumba la Beit al-Ajaib, alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, lililokuwa katika nyumba za kwanza za nchi hizi kuwashwa umeme, liliporomoka upande wake tarehe 25 Desemba 2020. Jumba kubwa namna ile lataka serikali na wajenzi wengi. Taa ya nyumbani yataka mtu mmoja na jioni mbili tatu. Basi anayetaka kuanza na afanye hivi. Kabla ya kufungua hata skrubu moja, aichore taa au aipige picha pande zote. Vipande atakavyovitoa asivitupe, hata utambi ulioungua, hata ile plasta iliyopukutika. Avitie katika kopo lenye mfuniko. Kisha achukue karatasi, aandike taa ilikuwa ya nani, ilikaa chumba gani, nini kilitolewa, nini kilitiwa kipya, kwa mkono wa nani, siku gani na mwaka gani, akunje karatasi hiyo aiweke katika kopo pamoja na vipande, na kopo lenyewe alifunge kwa kamba aliweke katika kabati ile ile taa isimamapo.